Mngojane: mhadhara kuhusu Meza ya Bwana

Ndugu zangu, naomba tuanze na neno moja la 1 Wakorintho 11:27: "isivyostahili". Halisemi asiyestahili. Tofauti ni silabi chache tu, lakini kwa kuzichanganya, wako waumini wanaobaki vitini wenzao wakiinuka kwenda mezani kupokea mkate na kikombe cha Bwana. "Wiki hii sistahili," mtu anajiambia. Ingekuwa suala ni kustahili kwa mtu, nani angesogea? Mimi ningekuwa wa kwanza kubaki kitini. Paulo anazungumzia namna ya kula.

Na namna yenyewe ameieleza. Huko Korintho watu walikutana kwa mlo wa kushiba, kila mmoja akatangulia kula alichobeba. "Huyu ana njaa, na huyu amelewa," anaandika, na wasio na kitu wanatahayarishwa. Anawaambia wazi kwamba hicho si chakula cha Bwana. Mkate upo, kikombe kipo, ila karamu si yake tena. Halafu, baada ya maneno mazito ya hukumu, agizo lake ni jepesi hata linashangaza: "mngojane".

Najua mtauliza, mkate wenyewe ni nini basi? Wakatoliki na Waorthodoksi wanakiri kwamba unakuwa mwili wa Kristo kweli. Wengine wanasema ni ishara. Mwaka 1529 Luther na Zwingli, viongozi wa matengenezo ya Kanisa, walikutana Marburg, Ujerumani, wakapatana katika hoja 14 kati ya 15. Iliyowashinda ni hii ya meza, na hapo wakaachana. Silidharau swali hilo, ila inauma kwamba tulitengana mahali pale pale pa kukutania.

Hata neno "ukumbusho" tunalipunguza uzito. Katika Kutoka 13:8 Mwisraeli anaagizwa amweleze mwanawe alichomfanyia Bwana "hapo nilipotoka Misri". Nilipotoka! Anasema hivyo hata aliyezaliwa karne nyingi baadaye. Kwa hiyo anayekumbuka naye yumo safarini. Yesu aliposema "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu", alisema na watu waliolelewa katika kukumbuka kwa namna hiyo.

Na kungojana je? Justino Mfiadini, mwalimu Mkristo wa kale, akiandika Roma katikati ya karne ya 2, anasimulia kwamba baada ya shukrani mashemasi waliwapelekea sehemu yao wale ambao hawakuwepo. Katika ibada hiyohiyo wenye uwezo walitoa mchango, ukawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tunaweza kuanzia maswali hapo.