Saida ya nyumbani Dar: uliza joto kabla ya ladha

Jamani hili la hamira ya saida, yaani pombe ya juisi ya tufaha, nimelisema mara ngapi sijui, na bado kila tukimaliza watu wananifuata "eti hamira ipi ina ladha nzuri". Ladha baadaye! Niambie kwanza joto, na siyo joto la sebuleni, hamira ikianza kazi inatoa joto lake yenyewe, sebule ikiwa nyuzi 29 ndani ya dumu unakuta 31 au zaidi. Kipimajoto kibandike kwenye dumu siyo ukutani.

Dumu langu la kwanza lita 20, matufaha ya Njombe, nimekamua kutwa nzima mikono imekufa ganzi, nikatia hamira ya bia inayotaka nyuzi 10 mpaka 22 kwa sababu pakiti ilikuwa imeandikwa ina harufu ya matunda. Mwezi wa pili huo, Dar, umeme hakuna. Likachemka balaa, siku tatu kimya, limemaliza kuchacha, nikafurahi. Kuonja, rangi ya kucha tupu, koo linawaka. Nikaambiwa iache itatulia, nikaiacha miezi 8, haikutulia, nikamwaga yote. Zile pombe nzito zinazounguza koo zinatengenezwa siku za mwanzo hamira inapozaliana, joto likizidi hapo umeshaharibu, kungoja hakukusaidii.

Sasa kuna mtu anawaza mbona ulanzi, pombe ya mianzi, unachacha wenyewe hukohuko Njombe na hatupimi kitu. Ndugu yangu ulanzi unanywa leo, kesho umeshakuwa mkali, saida unaiweka miezi, kila kosa linapata nafasi ya kujionyesha. Na Njombe kuna baridi, wewe uko Tandika!

Haya. EC-1118, hamira ya mvinyo, inafika nyuzi 30, ngumu kuishinda, ila inakausha mno, haibakizi utamu, tufaha linapotea. Mimi kwa nyumba ya kawaida natumia 71B, nayo ya mvinyo, mpaka 30, inapunguza ule uchachu wa tufaha na harufu inabaki. Kama dumu lako linazidi 30 tafuta kveik, hamira ya wakulima wa Norwei, ile aina iitwayo Voss inafanya kazi 25 mpaka 40, lakini ina njaa, na juisi ya tufaha ina naitrojeni kidogo, usipoipa chakula cha hamira itanuka mayai viza.

Hamira ya mandazi inachacha ndiyo, ila haitulii chini vizuri, tuiache. Juisi ya dukani soma kopo, ikiwa na benzoeti au sorbeti, dawa za kuzuia kuharibika ambazo zinaizuia na hamira, usihangaike.

Dumu la Voss lipo pale nyuma, siku ya nne leo, nyuzi 34, njooni mnuse.