Kivumishi "mór" cha Kiayalandi: wapi utie h, wapi usitie

Karibuni tena jamani. Leo tuna kivumishi kimoja tu cha Kiayalandi: mór, kubwa. Andika fear, mwanamume, kisha mór. Fear mór. Nomino kwanza, kivumishi baadaye, kama kwetu, kwa hiyo hapo hatukai.

Sasa bean, mwanamke. Hii ni nomino ya kike, basi tia h baada ya m: bean mhór. Hiyo mh hutamkwa v kule Munster, na w kule Connacht na Ulster, yote majimbo ya Ireland. Mimi napenda ya w, inateleza vizuri... Subirini, karatasi haionekani, kamera imetia ukungu. Nisogeze taa. Haya.

Hapa polepole, tafadhali. Wingi. Mná móra, wanawake wakubwa: h imeondoka, a imeingia mwishoni. Fir mhóra, wanaume wakubwa: h hiyo hapo! Usitafute jinsia. Tazama nomino inavyoishia: fir ina i kabla ya r, na i hiyo inaifanya r iwe nyembamba, yaani ulimi unainuka kama unapotamka y. Konsonanti nyembamba mwishoni ndiyo inayoleta h. Narudia: umoja, angalia jinsia, wingi, angalia mwisho wa nomino. Rudisha video nyuma usikilize tena, usipite hapa haraka.

Kubwa zaidi ni níos mó. Kariri tu.

Utamu uko kwenye ramani. Miji miwili ya Ireland: Lios Mór, kaunti ya Waterford: lios ni ya kiume, h hakuna. Tulach Mhór, kaunti ya Offaly: tulach, kilima, ni ya kike, h ipo. Kwa Kiingereza ni Lismore na Tullamore, zote -more, tofauti imefutika! Na Baltimore ya Marekani? Imepewa jina la Lord Baltimore, na cheo chake kinatoka Baile an Tí Mhóir, mji wa nyumba kubwa. Umeiona i kabla ya r? Ni alama ya umilikaji, ule "wa" wa "mji wa nyumba kubwa".

Asili ya mór ni māros ya Kiselti cha kale, lugha iliyozaa Kiayalandi na ndugu zake. Kiwelisi wana mawr, Kibretoni meur. Huko Vaison-la-Romaine, Ufaransa, kulipatikana jiwe la Wagauli, Waselti wa kale wa huko, lenye jina Segomaros kwa herufi za Kigiriki. Tazama linavyoishia!

Sasa sitisha video, fanya mwenyewe: capall, farasi, ya kiume, wingi capaill, muc, nguruwe, ya kike, wingi muca.

Tayari? Capall mór, capaill mhóra. Muc mhór, muca móra.