Maeneo ya Ujifunzaji katika Mtaala wa Umilisi: Mhadhara kwa Walimu Wanafunzi

Mkuu wa chuo, wahadhiri wenzangu, walimu wanafunzi, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie jinsi mtaala wetu wa umilisi hapa Kenya, yaani unaolenga kile mwanafunzi anachoweza kutenda, ulivyogawanywa katika maeneo ya ujifunzaji, ambayo zamani tuliyaita masomo, na nimeamua kujifunga kwenye sekondari msingi, yaani Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, kwa kuwa hapo ndipo mgawanyo huo ulipozua mjadala mkubwa zaidi, na ndipo wengi wenu mtakapofundisha. Hoja yangu ni moja, nanyi mna haki ya kuipinga: eneo la ujifunzaji ni mgao wa muda na wa wajibu kabla halijawa mgao wa maarifa. Anayetaka kujua mtaala unathamini nini asianzie kwenye utangulizi wa waraka, ambako kila jambo jema limetajwa. Aanzie kwenye ratiba ya vipindi.

Mtaala huu ulianza kutekelezwa kote nchini Januari 2019 katika madarasa ya chini. Gredi ya 7 ya kwanza ilipoingia mwanzoni mwa 2023, mwanafunzi alikuta maeneo 12 ya lazima na mengine ya kuchagua juu yake, hata yakafika 14. Malalamiko yalikuwa mengi, ya wazazi kuhusu vitabu na ya walimu kuhusu vipindi. Jopokazi la Rais kuhusu mageuzi ya elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu na kukabidhi ripoti yake Agosti 2023, lilipendekeza maeneo ya sekondari msingi yapunguzwe hadi 9, ya Gredi ya 4 hadi ya 6 yawe 8, na ya Gredi ya 1 hadi ya 3 yawe 7. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ikaandika upya miundo ya mtaala, yaani nyaraka zinazoorodhesha mada za kila eneo, kwa kufuata hesabu hiyo.

Maeneo 9 ya sekondari msingi mnayajua, lakini niyataje pamoja na vipindi vyake vya wiki, kwa sababu vipindi ndivyo vinavyosema. Kiingereza, Hisabati, Sayansi Jumuishi, na Sanaa Bunifu na Michezo yana vipindi 5 kila moja. Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Elimu ya Dini, Masomo ya Kijamii, Mafunzo ya Awali ya Kiufundi, na Kilimo na Lishe yana vipindi 4 kila moja. Jumla ni vipindi 40, na kila kipindi ni dakika 40. (Ndiyo, Kiswahili kina kipindi kimoja pungufu ya Kiingereza. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo mtanisamehe nikilitaja hilo na kuliacha hapo hapo.)

Sasa tuangalie kilichotendeka katika safari ya kutoka 14 hadi 9. Ni machache sana yaliyotupwa. Elimu ya Afya iliingizwa katika Sayansi Jumuishi, Stadi za Maisha zikaingizwa katika Masomo ya Kijamii, na elimu ya biashara pamoja na ya kompyuta zikapewa nafasi ndani ya Mafunzo ya Awali ya Kiufundi. Kilimo na Sayansi Kimu vikaunganishwa vikawa Kilimo na Lishe. Sanaa za kuchora, sanaa za maonyesho na elimu ya michezo vikawa eneo moja. Mzazi aliyehesabu vitabu alipata nafuu ya kweli, na hilo si dogo. Hata hivyo, mambo mawili yaliyokuwa na walimu wawili sasa yana mwalimu mmoja, na katika mazingira yetu mwalimu huyo kwa kawaida amehitimu na masomo mawili tu ya kufundishia, pengine Biolojia na Kilimo, pengine Jiografia na Biashara. Mtaala umemuunganishia, chuo kilichomfunza hakikumuunganishia.

Ningependa tukae kidogo kwenye Kilimo na Lishe, kwa sababu ni mfano unaofundisha kuliko mingine. Fungueni muundo wa Gredi ya 7. Mtaona mada kuu nne: uhifadhi wa rasilimali, michakato ya uzalishaji wa chakula, usafi, na mbinu za uzalishaji. Kwa mtazamo wa kwanza huwezi kusema ni ipi ya kilimo na ipi ya jikoni, na hilo ndilo walilolikusudia waandishi. Lakini shukeni hadi kwenye mada ndogo. Chini ya uhifadhi wa rasilimali kuna kudhibiti uchafuzi wa udongo, kujenga miundo ya kuzuia maji shambani, kupanda miti, na papo hapo kuna kuhifadhi virutubisho vya chakula, ambalo ni jambo la namna unavyoosha na kupika sukumawiki. Chini ya usafi kuna usafi katika ufugaji, kisha kuna kufua nguo za rangi. Mshono unaonekana.

Je, mshono huo ni kasoro? Kwa maoni yangu, mahali fulani ni kasoro na mahali pengine ni hekima. Udongo na virutubisho vinaungana vyema: mboga iliyokuzwa kwenye bustani ya shule ndiyo hiyo hiyo inayopikwa ili wanafunzi waone tofauti kati ya kuichemsha kwa muda mrefu na kuipika kwa mvuke, na mwalimu anayepanga vipindi vyake 4 vya wiki kwa akili anaweza kuwatoa wanafunzi shambani Jumanne akawaingiza jikoni Alhamisi bila kubadilisha mada. Zizi na ndoo ya kufulia havina uhusiano huo, isipokuwa neno usafi linalovifunika vyote viwili. Mwalimu asijilazimishe kubuni uhusiano usiokuwepo. Afundishe usafi wa zizi vizuri, amalize, kisha afundishe kufua vizuri. Kinachodhuru ni mwalimu wa kilimo kuruka kufua, au aliyesomea sayansi kimu kuruka zizi, huku daftari la kazi likionyesha kwamba yote yamefundishwa.

Jambo hili si geni nchini. Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, wazazi wenu walisoma katika shule ya msingi somo lililojulikana kwa kifupi kama GHC, yaani Jiografia, Historia na Uraia kwa pamoja. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtaala ulipunguzwa uzito, na masomo kama Sayansi Kimu, Sanaa na Muziki yakaondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane. Kila mmoja aliyesoma wakati huo anajua kilichofuata, kwa sababu kipindi cha michezo kwenye ratiba kilikuwa cha michezo kwa jina, na anayeingia darasani ni mwalimu wa Hisabati na chaki zake.

Kwa hiyo kuziweka sanaa na michezo chini ya eneo moja lenye vipindi 5 na linalotahiniwa ni hatua ninayoiunga mkono, kwani sasa ni vigumu zaidi kuvinyakua vipindi hivyo. Ila wizi unaweza kuhamia ndani ya eneo lenyewe. Mwalimu anayependa voliboli atawapeleka wanafunzi uwanjani wiki baada ya wiki, na muhula utaisha hawajashika brashi wala kusoma nota. Mwalimu mkuu akikagua ataona vipindi 5 vimefundishwa, na atakuwa sahihi.

Eneo la Sayansi Jumuishi linatuletea swali tofauti, nalo ni la kinachofuata baada ya Gredi ya 9. Mada zake katika Gredi ya 7 ni uchunguzi wa kisayansi, michanganyiko na elementi, viumbe hai na mazingira yake, na kani na nishati. Mwenye macho anaona Kemia, Biolojia na Fizikia zimepanga foleni. Katika sekondari ya juu, ambayo Gredi ya 10 yake ya kwanza iliingia Januari 2026, masomo hayo yanatengana tena, kila moja kwa jina lake, na mwanafunzi anaingia katika mmoja wa mikondo mitatu: wa kwanza ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; wa pili ni wa sayansi za jamii; na wa tatu ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Maana yake ni kwamba mtoto anaamua kuhusu Fizikia akiwa ameionja kama mada moja kati ya nne. Ikiwa mwalimu wake alisomea Biolojia na akaharakisha kani na nishati katika wiki za mwisho za muhula wa tatu, mtoto huyo hakupewa nafasi ya kuchagua. Mwalimu alimchagulia bila kujua. Itakumbukwa kwamba mjadala mkali wa 2025 ulikuwa kuhusu Hisabati katika sekondari ya juu, na umma ulipolalamika, ikaamuliwa iwe ya lazima kwa mikondo yote, kwa viwango viwili. Hisabati ilipata watetezi kwa sababu ni eneo lenye jina lake. Kani na nishati haina jina kwenye ratiba, na sijasikia mzazi aliyeilalamikia.

Ndiyo maana nawahimiza, mtakapopangiwa shule, mketi na walimu wenzenu kabla ya muhula kuanza, mchukue muundo wa kila eneo lililounganishwa, na mwandike kando ya kila mada ndogo jina la mwalimu anayeimudu. Kwa kuwa Tume ya Huduma kwa Walimu haiwezi kuwaletea mtaalamu wa kila kipande, mnaweza kugawana eneo moja kati ya walimu wawili kwa muhula. Ratiba inaruhusu jambo hilo, ingawa walimu wakuu wengi hawalipendi kwa sababu linavuruga fomu ya majina.

Mwenyekiti, dakika zilizobaki naomba ziwe za maswali, na ningependa tuanze na waliorudi majuzi kutoka mazoezi ya kufundisha: katika shule mlizokuwa, nani alikuwa anafundisha muziki?