Dizeli za Ulaya: nani alichakachua, nani alilipa

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nipo Hamburg, upande wa Altona, na barabara hii nyuma yangu inaitwa Max-Brauer-Allee. Mtanisamehe kelele, mabasi hapa hayaishi. Ukiitazama haina jambo: miti, maghorofa, watu wamesimama kituoni. Lakini tarehe 31 Mei 2018 kipande cha hapa, kama mita 580 tu, kiliwekwa vibao vya kuzuia magari ya dizeli yaliyo chini ya Euro 6, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, yasipite. Ilikuwa mara ya kwanza Ujerumani nzima. Na kituko chenyewe, dereva alielekezwa azunguke mitaa mingine, njia ndefu zaidi, kwa hiyo moshi uleule anaenda kuutolea dirishani kwa watu wengine! Marufuku ya hapa iliondolewa mwaka 2023.

Mwenye gari aliyekuwa amelipa kodi yake yote, na kuambiwa na muuzaji kwamba gari lake ni safi, ndiye aliyezuiwa. Shikeni hilo, maana ndilo lililonileta hapa.

Turudi nyuma. Tarehe 18 Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilitangaza kwamba Volkswagen wameweka programu ya siri kwenye kompyuta za injini za dizeli, inayotambua gari linapopimwa moshi. Siku tano baadaye mkurugenzi mkuu, Martin Winterkorn, akajiuzulu. Kampuni yenyewe ikakiri kwamba magari yenye programu hiyo ni kama milioni 11 duniani. Mengi yake yalikuwa na injini inayoitwa EA189, na haikuwa kwenye Volkswagen peke yake: Audi, Skoda na Seat nao wamo.

Sasa gari linajuaje kwamba linapimwa? Hapa ndipo panaponifurahisha na kunikera kwa pamoja. Maabara wanalipandisha gari juu ya rola. Magurudumu yanazunguka, gari halisogei, na usukani haugeuzwi hata kidogo. Mwendo unafuata ratiba ileile siku zote: ongeza, punguza, simama, ondoka tena, kama dakika 20 hivi, imekwisha. Jamani, nani anaendesha dakika 20 bila kukata kona? Kompyuta inasoma usukani, mwendo, muda, hata mgandamizo wa hewa, inajiambia: leo mkaguzi wa wilaya kaingia darasani, tukae kwa adabu. Mfumo wa kusafisha moshi unafanya kazi yote. Ukiingia barabarani, adabu inaisha. Kuna magari yaliyokuwa yakitoa oksaidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango cha Marekani. Hii si ile masizi nyeusi unayoiona nyuma ya lori. Hii huioni, ila mwenye pumu anaijua.

Na kwa nini wasiuache mfumo ufanye kazi muda wote? Gharama. Kwenye baadhi ya magari ungechosha filta ya masizi mapema na kula mafuta zaidi. Kwenye yale yanayotumia AdBlue, yaani dawa ya maji ya kusafishia moshi, tangi lingeisha kabla ya siku ya sevisi, na mteja kaahidiwa gari lisilo na usumbufu. Wakachagua kuchakachua.

Walioshtukia hawakuwa polisi, wala serikali ya hapa, ambayo gari ndiyo fahari yake. Ni watafiti wachache wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliopewa kazi na ICCT, shirika la utafiti wa usafiri safi, lililokuwa likitaka kuonyesha kwamba dizeli zinazouzwa Marekani ni safi kuliko za Ulaya. Walijaza buti mitambo ya kupimia, wakaunganisha mabomba hadi kwenye ekzosi, jenereta inanguruma huko nyuma, wakaendesha. Volkswagen aina ya Passat waliipeleka kutoka California hadi Seattle na kurudi. Nyingine, Jetta, ikatoa mara 15 hadi 35 ya kiwango. Mwanzoni walidhani vifaa vyao ndivyo vibovu.

Haya, tuje kwenye malipo. Marekani mteja alipewa uchaguzi: turudishie gari tukulipe thamani iliyokuwa nayo kabla ya kashfa, au tukutengenezee, na kwa vyovyote upewe fidia, wengi kati ya dola 5,100 na 10,000. Magari yaliyorudishwa yakajaa hadi kwenye maegesho ya uwanja wa zamani wa mpira huko Pontiac, Michigan. Mtu anakabidhi ufunguo, anaondoka na hela yake.

Hapa Ujerumani, magari yalikotengenezewa? Njoo gereji tukubadilishie programu. Kwa injini ya 1.6 wakaongeza kipande cha bomba la plastiki chenye wavu ndani, kinakaa mbele ya kihisi cha hewa. Ndiyo hicho. Ukikataa, unaweza kufutiwa usajili wa gari. Na wapo madereva waliolalamika kwamba baada ya marekebisho gari linakula mafuta zaidi na valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, inakufa.

Aliyetaka fidia ilibidi ashtaki. Mahakama kuu ya shirikisho ilisema tarehe 25 Mei 2020 kwamba Volkswagen waliwadanganya wateja kwa makusudi. Mlalamikaji alikuwa amenunua Volkswagen Sharan iliyotumika kwa euro 31,490, akapata 25,616. Hizo nyingine? Zimekatwa kwa sababu alilitumia gari. Kila kilomita uliyoendesha inapunguza fidia yako, na kesi inakwenda miaka. Kazini utaenda na nini? Julai mwaka huohuo mahakama ileile ikamwambia mtu wa Passat iliyopita kilomita 250,000 kwamba gari ameshalimaliza, hana chake. Yaani kampuni ikichelewesha, odometa inaifanyia kazi! Mimi hapo nasema wazi, hiyo haki ilikuwa na shimo chini.

Msidhani kampuni ilitoka bure. Kashfa imewagharimu zaidi ya euro bilioni 30, na nyingi zilikwenda Marekani. Meneja mmoja, Oliver Schmidt, alikamatwa uwanja wa ndege wa Miami akitoka likizo, akahukumiwa miaka 7. Aliyekuwa bosi wa Audi, Rupert Stadler, alihukumiwa Munich mwaka 2023 kifungo cha nje na faini ya euro milioni 1.1. Kesi ya Winterkorn ilianza 2024, ikasimama kwa sababu ya afya yake. Na wengine nao waliguswa: Mercedes walikubali kulipa dola bilioni 1.5 huko Marekani, na Hino, hawahawa wa malori mnayoyajua, walikiri makosa yao kwenye injini za soko la Marekani.

Sasa ndugu yangu wa Bukavu uliyeniandikia, unauziwa Passat ya dizeli ya 2012 kutoka Ujerumani, bei inakushangaza. Hizi dizeli zilishuka thamani huku, na mwenye nayo alitaka iondoke. Gari lenyewe si baya, ila usinunue kwa macho. Uliza injini ni EA189 au la. Kwenye karatasi za gereji tafuta namba 23R7, ndiyo ya yale marekebisho. Kisha fundi wako aangalie kama DPF, ile filta ya masizi, bado imo, maana mafundi wetu nao wana tabia ya kuitoboa na kuacha kopo tupu, na valvu ya EGR aifungue aione. Kitabu cha sevisi kipige picha, zile kurasa zenye mihuri, unitumie WhatsApp. Kijerumani chake nitakusomea mwenyewe.