Piga Picha ya Wingu la Jabari Ukiwa Shela, Bila Darubini

Karibu mtazamaji. Hili unaloliona kwenye skrini ni wingu la gesi na vumbi lililomo kwenye kundinyota la Jabari, karibu na zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Wanafalaki huliita M42. Liko mbali nasi kwa miaka ya nuru 1,300 na ushei, na ndani yake nyota mpya zinazaliwa mpaka leo. Picha imepigwa hapahapa Lamu, ufuoni Shela, kwa kamera ya kawaida na lenzi ya milimita 50. Darubini haikutumika. Leo nakuonyesha namna ya kuipata yako.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Wengi hudhani vitu vya anga ya mbali ni vidogo mno, kwamba usipokuwa na darubini kubwa huvipati. Si kweli. Upana wa wingu hili angani ni kama mara mbili ya mwezi mpevu. Kinachotushinda ni ufifi wake. Jicho haliwezi kuweka akiba ya mwanga, kamera inaweza. Basi kazi yetu usiku huu ni kukusanya mwanga kidogo kidogo, mara mia kadhaa, halafu kuujumlisha.

Tuanze na kuchagua usiku. Mwezi ukiwa juu, usijisumbue kutoka nyumbani. Fuata hesabu ya mwezi wa Kiislamu: kuanzia tarehe 26 ya mwezi mmoja hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata, huna mbalamwezi ya kukuharibia kazi. Msimu wetu ni kaskazi, Desemba mpaka Machi, mvua zikiwa zimekatika na Jabari ikionekana tangu jioni. Katikati ya Januari inafika utosini kama saa nne usiku. Mwezi mmoja kabla ya hapo hufika saa sita, na mwezi mmoja baadaye hufika saa mbili.

Sasa sikiliza vizuri, maana hili huwezi kuambiwa na mwalimu wa Ulaya: usiku wa giza ni usiku wa bamvua. Maji hupwa mpaka karibu saa nne usiku, kisha huanza kujaa mpaka karibu saa kumi alfajiri, na tofauti ya kupwa na kujaa hufika mita 3. Ukifika saa tatu utauona ufuo mpana, utatamani kuweka kamera pale kwenye mchanga mgumu uliolowa. Usiweke. Tafuta ule mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji ya mwisho kujaa, upande juu yake hatua kumi au zaidi. Na kabla ya kutoka, muulize mvuvi yeyote saa za maji za siku hiyo.

Kutoka mji wa Lamu unaweza kwenda Shela kwa miguu au kwa boti. Pita nyumba za mwisho, endelea ufuoni mpaka vilima vya mchanga vizibe taa za hoteli. Ukitazama kusini hapo ni bahari tupu, hakuna mji mbele yako. Taa za mji wa Lamu na za bandari ya Kililana zimebaki mgongoni. Usiende peke yako. Nendeni watatu au wanne, na nyumbani wajue mko wapi na mtarudi saa ngapi.

Vifaa si vingi. Kamera yoyote inayobadilishwa lenzi, hata ya zamani. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (f ni kipimo cha tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni pana), ambayo kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Stendi ya miguu mitatu, rimoti yenye saa ya kujipigia picha yenyewe, betri mbili, kadi ya gigabaiti 32, na tochi yenye mwanga mwekundu ili macho yako yasipoteze mazoea ya giza.

Fika mapema, baada ya sala ya Isha, Jabari ikiwa bado upande wa mashariki. Ikishafika utosini kamera itatazama juu moja kwa moja na utalazimika kulala chali ili uone kioo. Mchanga wa Shela ni laini kama unga, na miguu ya stendi huzama taratibu bila wewe kuona. Tazama hapa: chini ya kila mguu nimeweka kibao kidogo. Huna kibao, weka kandambili. Miguu usiinyooshe yote, iache mifupi, kwa sababu kaskazi ikivuma stendi ndefu hutetemeka. Chini ya stendi nimetundika kiroba cha mchanga, lakini kimegusa ardhi kidogo. Kikining'inia hewani kitabembea, na mtetemo utazidi.

Sasa tunafika kwenye fokasi, na hapa sitakuharakisha, kwa sababu picha 300 zenye ukungu hazina dawa. Zima fokasi ya kujiendesha. Elekeza kamera kwenye Shira, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, iliyo upande wa kusini-mashariki mwa Jabari. Washa kioo cha nyuma, kuza mara 10. Zungusha pete ya lenzi polepole sana. Unaona nyota inavyopungua, inakuwa nukta, halafu inaanza kuvimba tena? Rudi nyuma kidogo mpaka iwe ndogo kabisa. Kisha acha kuitazama Shira, tazama pembeni yake. Fokasi ikikaa sawa, vinyota hafifu ambavyo havikuwepo vinachomoza. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Ile alama ya umbali usio na mwisho iliyochorwa kwenye lenzi usiifuate, mara nyingi haiko pale inapopaswa. Bandika utepe wa gundi kwenye pete isisogee, na baada ya saa moja hakikisha tena.

Mipangilio: kamera iwe kwenye M, yaani unapanga mwenyewe kila kitu, faili ziwe RAW, yaani ghafi, ISO, wepesi wa kamera kwa mwanga, iwe 1600, rangi ya mwanga iwe ya jua. Lenzi ifunge kidogo mpaka f/2.8, kwa sababu ikiwa wazi kabisa nyota za pembeni huota mbawa. Zima kitulizo cha mtikisiko. Zima pia ule usafishaji wa chembechembe za kelele, yaani vidoa vinavyochafua picha za gizani, unaofanywa na kamera yenyewe baada ya kila picha ndefu, unakula nusu ya usiku wako.

Tuje kwenye muda wa kila picha. Dunia inazunguka, kwa hiyo nyota zinahama nyuzi 15 kila saa, na zilizo karibu na ikweta ya anga, kama za Jabari, ndizo zinazochora mstari haraka kuliko zote. Utasikia watu wakitaja kanuni ya 500, yaani gawa 500 kwa milimita za lenzi upate sekunde. Kwa Jabari naiona inalegeza mno. Tumia 300. Gawa 300 kwa urefu wa lenzi: kwa milimita 50 unapata sekunde 6. Lakini kamera nyingi za bei nafuu zina kihisio kidogo, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kwa hiyo zidisha 50 kwa 1.5, upate 75. 300 kwa 75 ni sekunde 4. Piga moja ya majaribio, ikuze kwenye kioo. Nyota ikiwa duara, endelea. Ikiwa punje ya mchele, punguza sekunde moja.

Lenga wingu, weka rimoti: picha 300, kila moja sekunde 4, na pumziko la sekunde 1. Ni kama dakika 25, na ndani yake umevuna dakika 20 za mwanga. Kwa nini nyingi hivyo? Mwanga wa wingu huongezeka sawasawa na idadi ya picha, ila chembechembe za kelele huongezeka kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo tu. Picha 100 husafisha mara 10, na ukitaka kusafisha mara mbili zaidi ya hapo unahitaji 400. Ukiwa na subira, piga 600. Kila baada ya picha 100 rudisha wingu katikati, maana litakuwa limesogea nyuzi 2 hivi.

Wakati kamera inafanya kazi, kagua lenzi kwa tochi kutoka ubavuni. Umande wa pwani una chumvi. Usifute kwa kikoi wala kwa shati. Puliza mchanga kwanza kwa pampu ya mpira, ndipo upitishe kitambaa cha lenzi. Na usibadilishe lenzi ukiwa ufuoni, hata kama una haraka.

Kabla ya kufungasha, ziba lenzi kwa kifuniko chake upige picha 30 kwa mipangilio ileile, hapohapo ufuoni, ili joto la kihisio liwe lilelile. Hizi ndizo picha za giza. Piga nyingine 30 kifuniko kikiwa bado kimezibwa, kwa kasi kubwa kuliko zote ya kamera. Mwisho picha za weupe: toa kifuniko, tandaza kitambaa safi cha kanzu juu ya lenzi, kivute kisiwe na mikunjo, na juu yake weka skrini nyeupe ya simu. Muda wa picha iache kamera ichague yenyewe, lakini fokasi usiiguse. Hizi zitafuta weusi wa pembeni na madoa ya vumbi.

Nyumbani, pakua programu ya Siril, ni ya bure, na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Gawa faili kwenye folda nne, za wingu, za giza, za kasi kubwa na za weupe, kwa majina ambayo programu inayataka, kisha bonyeza skripti, yaani orodha ya amri zilizo tayari, ya picha za rangi. Itapandanisha nyota juu ya nyota, ijumlishe. Jibu litakuja jeusi tii. Usifadhaike, mwanga umo ndani, bado haujavutwa. Ondoa kwanza mwangaza wa nyuma usio sawa, sawazisha rangi, halafu vuta kidogo, tazama, vuta tena. Anga iache na ujivujivu. Ukiikandamiza iwe nyeusi kabisa unapoteza vumbi jepesi la pembezoni, nalo ndilo zuri kuliko yote. Wekundu usilazimishe. Ni mwanga wa haidrojeni, na kamera za kawaida zina kichujio kinachozuia sehemu kubwa yake, kwa hiyo wingu lako litakuwa la waridi.

Wanaotaka kununua mtambo wa kufuata nyota wajue jambo hili. Maelekezo mengi husema ulenge Nyota ya Kaskazini. Lamu iko nyuzi 2 kusini mwa ikweta, nyota hiyo kwetu iko chini ya upeo. Ukaribu huu na ikweta ndio uliowaleta Waitaliano Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa Uhuru, satelaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani. Kwetu sisi maana yake ni kwamba mhimili wa mtambo hulala karibu sawa na ardhi: uelekeze kusini kwa dira, uinue nyuzi 2 kwa kipimo cha simu, swichi iwe S, yaani kusini. Kabla ya kulipa, hakikisha kitako chake kinashuka mpaka hapo, kwa sababu vipo visivyoshuka.

Na kama usiku bado mchanga, anza na Kilimia, kile kishada cha nyota, kabla Jabari haijapanda. Kipo upande wa kaskazini, juu, miaka ya nuru 440 hivi. Mipangilio ni ileile, ila ongeza picha zifike 600, maana ule ubuluu unaozizunguka nyota zake ni hafifu kuliko M42.