Jinsi ya kurekebisha waya wa throto wa gia boksi otomatiki, Toyota Corolla AE100

Karibu, mtazamaji. Boneti iko wazi. Angalia hapa pembeni ya throto, yaani mlango unaoingiza hewa kwenye injini: nyaya mbili zimeshika gurudumu moja. Mmoja unatoka kwenye pedeli ya mafuta. Huu mwingine unashuka mpaka ndani ya gia boksi, na ndio wa leo. Unaieleza gia boksi umekanyaga mafuta kiasi gani, ili ipandishe presha ya oili inayobana klachi. Kwenye gia boksi aina ya A240L, ambayo haitegemei kompyuta, unaamua pia gia ibadilike lini.

Waya ukilegea, gia zinaingia mapema na kwa ulaini, kisha zinaanza kuteleza: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Ukikazwa mno, gia zinachelewa na kuingia kwa kishindo. Tafadhali usiulegeze waya ili kuua kishindo. Gari litatulia kweli, lakini presha imeshuka na klachi zinaungua taratibu.

Pima oili ya gia boksi kwanza. Injini ikiwa imepata moto na inaunguruma, kanyaga breki, pitisha gia zote, rudisha P, kisha soma dipstiki kwenye alama ya HOT. Oili ikinuka kuungua, usitegemee waya kukuokoa.

Sasa zima injini. Mwenzako akanyage mafuta mpaka mwisho na ashikilie. Throto isipofunguka yote, kagua kapeti chini ya pedeli na waya wa pedeli. Maliza hilo kabla ya kuendelea, la sivyo kipimo kitakudanganya.

Sogea karibu. Unaona kipande kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye waya wa ndani? Throto ikifungwa kinajificha ndani ya buti hii ya mpira. Throto ikiwa wazi kabisa kinatokeza kwenye mdomo wa buti, na nafasi kati yao iwe milimita 0 hadi 1. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8, inatosha kulinganishia.

Kikibaki ndani, waya umelegea: legeza nati mbili za kwenye breketi, sogeza ganda la waya (bomba la nje linaloufunika) mbali na throto. Kikitoka zaidi ya milimita 1, lirudishe karibu na throto. Kaza nati kwa spana mbili ili ganda lisizunguke, kisha mwenzako akanyage tena upime upya. Nati hupenda kuhama wakati wa kukaza.

Waya mpya huja na kile kichuma hakijabanwa. Vuta waya wa ndani polepole mpaka uhisi ukinzani kidogo, shikilia hapo, kibane milimita 0.8 hadi 1.5 kutoka mwisho wa ganda, ukipima kwenye ganda lenyewe, si kwenye mpira.