Wana wa Nje wa Mfalme Henry

Ndugu zangu, William Mshindi, mtawala wa Normandy huko kaskazini mwa Ufaransa, na vita vya Hastings vya 1066 vilivyompa ufalme wa Uingereza, mnavijua, navipita. Nimekuja na neno lile lile ambalo baadhi yenu mmeshalichoka: ukoo huu wa Wanormani mnausoma kwa wafalme wake tu, ndiyo maana vita vyao haviwaelei. Waangalieni mabinti na watoto wa nje.

Henry wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, mwana wa William Mshindi, alikuwa na watoto wawili wa ndoa waliokua: Matilda na William. Wa nje wanaojulikana wanazidi 20. Namwona mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa: mtoto wa nje harithi, ana lipi katika historia? Mzee wangu, Mshindi mwenyewe alizaliwa na Herleva, ambaye hakuolewa na baba yake! Tuendelee.

Henry hakuwaacha watoto hao wazagae. Mabinti aliwaoza kwa mabwana wa mipakani, awafunge kwa undugu. Sybilla alikwenda kwa Alexander wa Kwanza, mfalme wa Uskoti. Juliana akaolewa na Eustace wa Breteuil, kule Normandy, naye mtoto wa nje vilevile. Huyu Juliana ndiye ninayemtaka.

Eustace aliidai ngome ya Ivry. Ili amani ikae, watu wakawekeana watoto rehani: mlinzi wa ngome, Ralph Harenc, akamtoa mwanawe, Eustace akatoa mabinti zake wawili. Kisha Eustace, kwa ushauri mbovu, akampofua yule kijana. Harenc akaenda kwa mfalme kudai haki, na Henry akamkabidhi wale mabinti. Harenc akawatoboa macho, akawakata ncha za pua. Wajukuu wa mfalme hao! Babu karidhia.

Ilikuwa 1119. Juliana akatumwa kuilinda Breteuil, wenyeji wakamfungulia Henry milango, mama wa watu akabanwa ndani ya ngome. Akaomba kuonana na baba yake. Baba akaja. Binti akamfyatulia mshale! Ukamkosa. Henry akaamuru daraja la ngome livunjwe, na Juliana hakupata pa kutokea ila kujirusha kwenye handaki, Februari, maji ya barafu, nguo zimepanda juu. Orderic Vitalis, mtawa aliyeyaandika haya, hakumsitiri hata kidogo. Baadaye wakapatana, Eustace akapewa maki 300 za fedha kwa mwaka, Juliana akaishia utawani Fontevraud.

Mtasema ni ukatili wa kale tu. Hapana, hebu someni vizuri! Undugu ule ule uliofanya watoto wawekwe rehani ndio uliomrudisha Eustace kwa mkwewe.

Mwaka uliofuata, tarehe 25 Novemba 1120, Meli Nyeupe, iliyombeba mrithi wa Henry, ikazama karibu na Barfleur, pwani ya Normandy. Mrithi huyo, William mwana wa ndoa, inasimuliwa alishaingia kwenye mashua ya kujiokoa akarudi kumfuata dada yake wa nje, Matilda, mke wa bwana wa Perche. Wakafa wote. Mnaona taji lilipopotelea?

Henry alipofariki 1135, Stephen, mtoto wa dada yake Adela, akaliwahi taji mbele ya Matilda, binti wa ndoa wa Henry, mtoto wa mjomba wake. Na mke wa Stephen, naye Matilda, alikuwa mtoto wa mama mdogo wa huyo huyo Matilda anayepigwa vita. Nani alimpigania binti wa ndoa? Robert wa Gloucester, kaka yake wa nje. Februari 1141 upande wake ukamkamata Stephen huko Lincoln. Septemba akakamatwa Robert, wakabadilishana, mfalme kwa mtoto wa nje. Robert akafa 1147, na 1148 Matilda akaondoka Uingereza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Adela nilimwandalia nusu saa nzima! Basi hili tu: alimpita mwanawe wa kwanza, urithi wa Blois, nchi ya mumewe huko Ufaransa, akampa wa pili, Theobald, kisha Adela mwenyewe akaingia utawani Marcigny. Alifariki 1137, Stephen ameshavaa taji. Haya, maswali. Dada wa nyuma pale, anza wewe.